Jinsi ya kusimamia na kulipa wasafishaji wa madirisha

MAJUMBA ya vioo yanayozidi kuchipuka katika miji ya Kenya yamewafungulia wengi riziki ya kusafisha madirisha. Hata hivyo, biashara hii, ambayo huanza kwa ngazi, ndoo na kifuta maji cha mpira, huwatatiza wenyewe pindi wanapoajiri wasaidizi.

La kwanza ni mkataba. Wengi huanza na vibarua wanaolipwa kila jioni, na sheria inaruhusu. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hivyo hawezi kuachishwa bila notisi. Akitimiza miezi 12 anastahili likizo ya siku 21 zenye malipo. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe.

La pili ni malipo. Kulipa kwa idadi ya madirisha huongeza kasi, ila haraka ya juu ya ngazi haina baraka. Ni afadhali kulipa mshahara wa mwezi, kisha kuwatuza wanaomaliza kazi bila lalama za wateja. Kwa vyovyote vile, mshahara usipungue kima cha chini kilichowekwa na serikali, ambacho mnamo Novemba 2024 kiliongezwa kwa asilimia 6.

Mathalani, anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi hukatwa Sh1,200 za NSSF, Sh550 za bima ya afya ya SHIF na Sh300 za ushuru wa nyumba, akabaki na Sh17,950. Mwajiri naye huongeza Sh1,500 za NSSF na nyumba, kwa hivyo mfanyakazi huyo humgharimu Sh21,500 kabla ya bima na vifaa. Anayepanga bei kwa kutazama mshahara pekee hupata hasara bila kujua.

Kioo kikivunjika, mwajiri hana uhuru wa kukata apendavyo. Sheria humruhusu kutoza kiasi cha haki pale mfanyakazi alipoharibu kwa kusudi, na jumla ya makato yote isizidi thuluthi mbili za mshahara.

Usalama ndio mzigo mzito zaidi. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa mikanda ya usalama, kamba na kofia, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humtaka awawekee wafanyakazi bima. Asiyekuwa nayo, mtu mmoja akianguka, fidia yaweza kuifilisi biashara nzima, na familia ya aliyeumia ikabaki mikono mitupu.

Mwisho, kampuni nyingi huwalipa wanakandarasi baada ya siku 30 au zaidi, ilhali kodi ya nyumba ya mfanyakazi haisubiri. Mwajiri mwenye busara huweka akiba ya mishahara ya angaa miezi miwili kabla ya kutia saini kandarasi kubwa.