Neno la leo: Marudio

Darasani, marudio ni kupitia somo upya. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Tanzania, kuanzia Kakola hadi Nyarugusu, marudio ni mchanga: mawe yaliyosagwa kwenye karasha, yakaoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, na kukamatishwa dhahabu kwa zebaki, kisha yakalundikwa yasubiri kuchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Neno zuri, lisilodanganya: dhahabu imebaki humo, na zebaki pia.

Anayefuga chura alizingatie. Mchanga huo ni laini, unatamanisha kutandikwa kwenye kasha la chura. Lakini chura hanywi kwa mdomo. Hufyonza maji kwa ngozi, hasa ya tumboni, ile inayolalia tandiko. Mtandikie makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa, au udongo usiotiwa dawa, uliochotwa mbali na mwalo. Marudio yaache huko huko.