Mlima Kenya kwa upande wa Chogoria

Barabara ya Embu kwenda Meru inauzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, ikishuka na kupanda mabonde ya mito katikati ya chai, kahawa na migomba. Asubuhi isiyo na ukungu vilele huonekana vyote: Batian chenye mita 5,199, Nelion chenye mita 5,188, na Lenana, mita 4,985. Lenana hufikiwa kwa miguu na subira. Batian na Nelion havina njia ya miguu. Lazima ukwee mwamba kwa kamba.

Mwamba wenyewe uliganda ndani ya koo la volkano kuu, kisha barafu na mvua zikamomonyoa kuta zilizouzunguka. Ni jamii ya karibu na granaiti, mgumu, wenye nyufa za kushika. Ndiyo maana wakweaji hutoka mbali kuutafuta.

Vitabu huianza historia hii tarehe 13 Septemba 1899, siku Mwingereza Halford Mackinder alipofika Batian pamoja na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Lakini msafara huo ulikuwa na Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili waliowaongoza njia. Mabega hayo ndiyo yaliyobeba chakula na mahema. Majina matatu ya Wazungu yamehifadhiwa. Ya wapagazi hayatajwi sana. Kwangu mimi, hilo ni deni ambalo wanahistoria wetu bado hawajalilipa.

Baada ya Mackinder ilipita karibu miaka 30 kabla ya binadamu mwingine kufika Batian: Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, Januari 1929, nao wakapanda Nelion pia.

Miaka hiyohiyo Chogoria, upande huu wa mashariki, ilikuwa ikifungua mlango wake. Daktari Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alianza kazi hapo mwaka 1922, na hospitali aliyoiasisi ingali ikitibu watu. Yeye na Ernest Carr, mfadhili wa misheni, ndio wanaotajwa kuanzisha njia ya Chogoria miaka ya 1920, kupitia msitu na mianzi hadi kibanda cha Urumandi. Maziwa madogo yaliyoko juu huko yanaitwa kwa jina la Carr.

Wakenya nao wakaingia kwenye kumbukumbu. Usiku wa Uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera Lenana. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge, akiwa na Phil Snyder, alikuwa miongoni mwa wawili wa kwanza kuupanda mkondo wa barafu uitwao Diamond Couloir.

Anayenigusa zaidi ni Ephraim M'Ikiara, Mmeru. Mwaka 1978 aliupanda mwamba wa vilele vikuu peke yake, miguu mitupu, bila vifaa vya wakweaji, akiwa na Biblia. Alikwenda kusali. Kwa watu wa Meru na Embu mlima huu ulikuwa mahali pa Mungu karne nyingi kabla ya kamba za nailoni, na M'Ikiara hakuhitaji sababu nyingine. Ningependa kila mwanafunzi wa miji ya Chuka na Runyenjes alijue jina lake kama anavyolijua la Mackinder.

Leo mgeni hupanda kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi, akalala kwenye mabanda ya Meru karibu mita 3,000, kisha akafuata ukingo wa bonde la Gorges, Ziwa Michaelson likiwa chini kabisa ya kuta. Mizigo bado hubebwa na vijana wa vijiji vya jirani. Barafu imepungua mno, na Diamond Couloir haupandiki tena kama zamani, kwa hiyo mwamba mkavu ndio uliobaki. Kwa kuwa mlima uko karibu na ikweta, jua huhama pande: Januari na Februari wakweaji huchagua uso wa kusini-mashariki wa Nelion, na Julai hadi Septemba uso wa kaskazini wa Batian.