Negativu: Hazina ya picha inayoozea masandukuni Homa Bay na Migori

KATIKA nyumba nyingi za kaunti za Homa Bay na Migori, umuhimu wa picha ya zamani hutambuliwa siku ya msiba.

Mzee akifariki, jamaa huanza kutafuta picha yake ya kuweka kando ya jeneza, ya kuchapisha katika ratiba ya mazishi na, siku hizi, ya kutia kwenye fulana za waombolezaji. Aghalabu kinachopatikana ni picha ndogo ya kitambulisho, au ile ya ukutani ambayo imefifia hadi uso ukawa kivuli. Ikikuzwa, macho hayaonekani.

Ilhali chini ya kitanda, ndani ya bahasha iliyotoka studioni miaka mingi iliyopita, huenda mna kipande cha filamu chenye uso ule ule, ungali na kila kunyanzi.

Kipande hicho ndicho negativu: filamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo huonyesha mwanga kuwa giza na giza kuwa mwanga. Shati jeupe huonekana jeusi, nazo nywele nyeusi huonekana kama mvi. Hiyo ndiyo picha asili. Karatasi iliyotundikwa ukutani ni nakala yake tu.

Enzi za filamu, mteja aliyerudi studioni kwa kawaida alikabidhiwa vyote viwili. Familia ikagawana karatasi, filamu zikasahauliwa. Watoto walizichukua kutazamia jua linapopatwa, jambo ambalo ni hatari kwa macho na wala halikuzifaa filamu zenyewe.

Katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, taswira ni chembe ndogo mno za madini ya fedha zilizoshikwa katika utando wa jelatini, kitu kinachotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya mifugo. Kwa hivyo mkazi wa Macalder, ambako watu huchekecha udongo wakitafuta dhahabu, huenda ana fedha kidogo sandukuni pasipo kujua. Fedha hiyo haipauki upesi kama rangi za picha za kisasa. Kinachoiponza ni jelatini inayoishika na plastiki iliyo chini yake.

Mazingira ya ziwani yanavishambulia vyote viwili. Mchana joto la Homa Bay, Mbita na Muhuru Bay hukaribia nyuzi 30, na unyevu wa Ziwa Victoria haukauki hata msimu wa mvua upitapo. Kuvu huota juu ya jelatini na mende huila. Plastiki ya asetati, iliyotumika katika filamu nyingi za karne ya 20, huchakaa kwa joto na unyevu na kutoa harufu kali ya siki. Harufu hiyo ni ya asidi, ambayo huharakisha uchakavu wa filamu yenyewe na kuambukiza zilizo jirani.

Kwa hivyo anayefungua sanduku la zamani na atumie pua kwanza. Filamu zenye harufu ya siki zitengwe na zinakiliwe kabla ya nyingine, kwa kuwa hazina muda mrefu.

Filamu hushikwa kingoni, kwa mikono mikavu iliyooshwa, au kwa glavu za pamba. Mafuta ya kidole huacha alama ambayo baadaye haifutiki. Vumbi huondolewa kwa brashi laini au kwa kupuliza kwa mpira. Kupuliza kwa mdomo hutia mate. Kitambaa kibichi kisitumike kamwe. Kuvu ikishakula jelatini, jelatini hiyo huweza kuyeyuka kwa maji, na uso wa mtu ukaenda na maji hayo.

Vipande vilivyogandamana navyo visivutwe kwa nguvu. Ikiwa havina kuvu wala harufu ya siki, huweza kulowekwa katika maji safi yasiyo ya moto hadi viachane vyenyewe. Hata hivyo, mwandishi huyu angemshauri mtu avinakili kwanza vile vinavyoonekana, ndipo ajaribu hilo la kuloweka.

Kunakili hakuhitaji mashine ya bei ghali. Simu mbili zatosha. Ya kwanza hufunguliwa ukurasa mweupe mtupu na mwanga wake kuongezwa hadi mwisho. Juu yake, kwa umbali wa sentimita 3 hivi, huwekwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, mfano kifuniko cha bakuli, ili vinukta vya skrini visionekane katika picha. Negativu hulazwa juu ya plastiki hiyo, upande unaong'aa ukitazama juu, na sehemu iliyobaki kuzibwa kwa karatasi nyeusi. Simu ya pili, ikiwa imetulizwa juu ya vikombe au vitabu, hupiga picha kutoka juu, chumba kikiwa na giza.

Simu isisogezwe karibu kupita kiasi, kwani haitaona vizuri. Ni afadhali kupiga kwa mbali kidogo kisha kukata kingo. Halafu programu ya kuhariri picha hugeuza weusi kuwa weupe. Negativu ya rangi ina utando wa rangi ya chungwa, kwa hivyo ikigeuzwa hutokea ya samawati na hulazimu kurekebishwa. Ile ya nyeusi na nyeupe haina usumbufu huo.

Ukubwa pia una maana. Filamu ya milimita 35 ina picha za milimita 24 kwa 36. Ile pana, yenye upana wa sentimita 6 na iliyopendwa na studio nyingi, hutoa nakala nzuri zaidi, hata ya kubandikwa juu ya jeneza.

Wapo vijana wanaorejea kupiga picha kwa filamu. Kampuni ya Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, lakini filamu zingali zinatengenezwa Marekani na Uingereza. Anayetaka kuzisafisha nyumbani Rongo au Kendu Bay atakabiliwa na joto. Maelekezo mengi hukadiria dawa ikiwa na nyuzi 20. Filamu inayohitaji dakika 10 katika nyuzi hizo huhitaji takriban dakika 7 katika nyuzi 24. Nyuzi zikizidi hapo, ni bora chombo cha dawa kiwekwe ndani ya beseni la maji baridi, au kazi ifanywe alfajiri.

Maji ya ziwa yachujwe na kuchemshwa, kisha yaachwe yapoe. Filamu mbichi ianikwe ndani ya chandarua, kwa maana wadudu wa ziwani, ambao huruka kama wingu jioni na kufuata taa, hunasa katika jelatini na kukauka humo. Nayo dawa iliyotumika kuimarisha picha isimwagwe ziwani wala karibu na kisima. Imebeba fedha, ambayo hudhuru samaki.

Baada ya hapo ni kuhifadhi. Filamu huwekwa katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, si mifuko laini ya plastiki inayonata, mbali na sakafu yenye mchwa na mbali na paa la mabati. Juu ya bahasha, kabla filamu haijaingizwa, huandikwa kwa penseli jina, mahali na mwaka.

Majina ndiyo yanayopotea kwanza. Mwanaanthropolojia Mwingereza Edward Evans-Pritchard alipiga picha miongoni mwa Waluo mwaka wa 1936, na picha hizo zikahifadhiwa katika makavazi ya Pitt Rivers, Oxford. Mwaka wa 2007 nakala za picha za makavazi hayo zilirejeshwa Nyanza na kuonyeshwa vijijini katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka ya kale. Zilikuwa zimekaa ughaibuni miaka 70, mbali na watu ambao wangeweza kutaja waliomo.

Negativu za Homa Bay na Migori zingali nyumbani, na baadhi ya wanaoweza kutaja waliomo wangali hai. Wengi wao macho yamepungua nguvu, ndiyo sababu nakala ya simu, inayoweza kukuzwa kwa vidole viwili, huonyeshwa nyanya kabla ya mtu mwingine yeyote, penseli ikiwa mkononi.