Thali: Mlo wa Kihindi unaopimwa kwa dali na chapati

MIKAHAWA ya Kihindi nchini Kenya ni ya aina mbili kuu. Iko ile ya fahari, ambamo nyama huokwa katika tanuri la udongo na michuzi hutiwa malai kwa wingi. Iko pia midogo ambayo hupika kama ilivyo ada nyumbani, na ambayo Wakenya wengi huipita mlangoni wakidhani haiwahusu.

Katika mikahawa hii ya pili, hasa ya Wagujarati, mlo mkuu huitwa thali. Neno hilo lina maana ya sinia. Mlaji huwekewa sinia la chuma lenye vibakuli kadhaa: kimoja cha dali, viwili au vitatu vya mboga, na kingine cha mchuzi wa mtindi uliokorogwa na unga wa dengu. Pembeni huwekwa achari, papadi kavu, kitafunio cha kukaangwa na kitu kitamu.

Sinia hupangwa ili ladha zikamilishane. Kilicho kikali hupozwa na mtindi, na kilicho kitamu husawazishwa na ukwaju au ndimu. Kwa sababu hiyo, si vyema kumaliza kibakuli kimoja kabla ya kugusa kingine. Chapati humegwa kwa mkono wa kulia na kuchotea mboga, kisha wali hufuata pamoja na dali. Mtindi mwepesi wenye chumvi na bizari nyembamba hunywewa pamoja na chakula, na shamari hutafunwa mwishoni.

Chapati yenyewe huweza kumshangaza Mkenya. Iliyozoeleka humu nchini ni nene, ina matabaka na hukaangwa kwa mafuta. Ya Kigujarati ni nyembamba mno. Hupikwa bila mafuta, hufurishwa juu ya moto, kisha hupakwa samli kidogo. Aghalabu huletwa mbili mbili ili zisipoe.

Katika mikahawa mingi ya thali bei ni moja, na wahudumu hupita wakiongeza chakula kila kibakuli kinapopungua. Anayetaka wakome husema “bas”. Neno hilo na “basi” la Kiswahili ni ndugu, maana yote mawili yana asili ya Kiajemi. Hata hivyo, sinia la namna hiyo ni la mtu mmoja, na kubakiza chakula kingi huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Ni heri kuomba kidogo mara nyingi.

Mengi yaliyomo katika sinia hilo si mageni. Dali ya Kigujarati hupikwa kwa mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, zao ambalo wakulima wa Machakos, Makueni na Kitui hulilima kwa wingi. Mbaazi hizo ndizo wakazi wa Pwani huzipika kwa nazi na kuzila kwa mahamri. Mpishi wa Kigujarati huzitia sukari guru, ukwaju, manjano na tangawizi, kisha huzimwagia samli ya moto iliyopasulia mbegu za haradali.

Ukaribu huo una historia. Wareno walipofika Malindi mnamo 1498 waliwakuta huko wafanyabiashara Wahindi. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, ulileta vibarua zaidi ya 30,000, wengi wao kutoka Punjab. Wengi walirejea kwao mikataba ilipokwisha, lakini baadhi walisalia na kufanya maskani humu pamoja na wenye maduka. Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 nchini.

Ikumbukwe kwamba si Wahindi wote wasiokula nyama. Waislamu, Wagoa na Wapunjabi wengi huila. Lakini katika mkahawa wa Wahindu au Wajaini usiopika nyama, katazo hilo ni la imani wala si la ladha, na mgeni hapaswi kuingia na nyama wala mayai aliyonunua kwingine. Wajaini huepuka pia vitunguu, vitunguu saumu na viazi, kwa kuwa kung’oa mzizi huua mmea mzima na viumbe wadogo walio udongoni. Harufu ya vitunguu hufidiwa kwa mvuje.

Mwenye kisukari aulize kuhusu sukari guru, maana huweza kuwa ndani ya dali na mboga zisizodhaniwa kuwa tamu. Asiyepatana na karanga au maziwa naye aulize kabla ya kuagiza, kwa sababu karanga zilizosagwa na samli hutumika bila kuonekana.

Anayetaka kujua kama mkahawa unapika kweli kama nyumbani asiutazame urefu wa orodha ya vyakula. Aonje dali na chapati kwanza. Hivyo ndivyo familia hula kila siku, na kasoro yake haifichiki kwa malai wala kwa pilipili.