Kopo Lililofichwa Ndani ya Gereza

Simu ikionyesha digrii 6 na dakika 9 kusini mwa Ikweta, digrii 39 na dakika 11 mashariki, basi mwenye simu yuko Mji Mkongwe wa Zanzibar, hatua chache kutoka bustani ya Forodhani. Mbele yake zimesimama kuta nene za kahawia zenye meno juu. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe, na kwa anayependa kusaka vilivyofichwa, hapo amefika nyumbani.

Mchezo wa kusaka kopo kwa GPS bado ni mchanga. Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Muda mfupi tu baadaye, Mei 3, Dave Ulmer akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon na kutangaza vipimo vya mahali ilipo. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wamekuwa wakificha makopo yenye kijidaftari ndani. Anayelipata kopo huandika jina lake, hulifunga, akalirudisha palepale kwa ajili ya atakayemfuata.

Ngome Kongwe nayo ni daftari la namna hiyo, na wenye kulitia saini wamepokezana kwa zaidi ya miaka 400.

Wa kwanza walikuwa Wareno, waliojenga kanisa hapa karibu na mwaka 1600. Desemba 1698 Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu kule Mombasa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na Zanzibar nayo ikawa mikononi mwao. Wakajenga ngome palepale penye kanisa, ili kujikinga na Wareno wasirudi. Kanisa likavunjwa, lakini kipande cha kuta zake kikaachwa ndani ya ngome mpya.

Karne ya 19 ngome ikawa jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa bohari ya reli ya kwenda kijiji cha Bububu, iliyokuwa na urefu wa kilomita 11 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikageuka klabu ya wanawake, wakicheza tenisi uani, mbali na macho ya watu wa nje. Katika miaka ya 1990 ikakarabatiwa na kujengewa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Tangu hapo jukwaa lake limepokea tamasha la filamu la ZIFF na muziki wa Sauti za Busara, na uani wafanyabiashara hutundika kanga na picha za Tingatinga.

Lakini kopo lililofichwa vizuri kuliko yote halimo katika mawe hayo. Limo kinywani mwetu. Neno "gereza" limetokana na "igreja", yaani kanisa kwa Kireno, likaja kwa njia ileile iliyotuletea meza, bendera, leso na karata. Kwanza neno hilo lilimaanisha ngome, kisha likawa jina la mahali pa kufungia watu. Ndiyo maana ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo, na mgeni aweza kuuliza wafungwa walilala wapi. Kanisa, ngome, jela: safari yote ya jengo la Zanzibar imefungwa ndani ya neno moja, nasi tunalitamka kila siku bila kulifungua.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wanaocheza mchezo huu. Sheria zake zinakataza kuchimba ardhi ili kuficha kopo, na mahali pa kale sheria hiyo ishikwe mara mbili. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Jiwe likichomolewa ili kusukumia kijikopo, maji ya masika hupata mlango. Mchezo wenyewe unazo hazina zisizohitaji kopo: mchezaji hupewa swali ambalo jibu lake hupatikana kwa kufika na kutazama tu. Ngome Kongwe inastahili hazina ya aina hiyo. Swali liwe moja: kuta za kanisa ziko upande gani wa ngome? Atakayelijibu kwa macho yake mwenyewe atakuwa ameshika kilichofichwa, na mwenzake wa kesho atakikuta mahali pake.