Uhariri wa RNA katika virusi vya Ebola

Uhariri wa RNA katika virusi vya Ebola ni badiliko linalofanyika wakati RNA mjumbe inatengenezwa, nalo huiwezesha jeni moja, GP, kutoa protini tatu tofauti. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na kundi la Viktor Volchkov, na mwaka uliofuata na kundi la Anthony Sanchez la Marekani. Kwa Goma na Kivu Kaskazini nzima, jambo hili limetoka zamani kwenye vitabu vya maabara likaingia mitaani: kipimo, chanjo na dawa zilizotegemewa zaidi katika mlipuko wa 2018–2020 zote zinahusu jeni hiyo hiyo.

Jenomu na unukuzi

Jenomu ya Ebola ni uzi mmoja wa RNA hasi, wenye nukleotidi zipatazo 19,000 na jeni saba: NP, VP35, VP40, GP, VP30, VP24 na L. Ribosomu za binadamu haziwezi kuusoma uzi wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo kila chembe ya virusi huingia ndani ya seli ikiwa na kimeng'enya chake, L, pamoja na wasaidizi wake VP35 na VP30. L huanza kwenye ncha ya 3' na kunukuu jeni moja baada ya nyingine. Kwa kuwa mara nyingine hujibandua njiani, jeni zilizo mbele, hasa NP, hupata nakala nyingi kuliko zile za nyuma.

Kila RNA mjumbe huvikwa kofia yenye methili mwanzoni na kupewa mkia wa A mwishoni, kama RNA za seli yenyewe, na hivyo hupokewa na ribosomu bila kushukiwa. Mkia hutengenezwa kwa kigugumizi: L ikifika kwenye mfululizo wa U unaofunga jeni, huurudiarudia mfululizo huo na kuongeza A baada ya A. Katika virusi vya Sudan, ndugu wa karibu wa Ebola, imeonekana kwamba L huweza kutia methili hata kwenye adenosini zilizo katikati ya RNA, mbali na kofia.

Mahali pa uhariri

Katikati ya jeni GP upo mfululizo mwingine, wa U saba. Hapo si mwisho wa jeni, lakini L hupata kigugumizi vilevile. Katika nakala nyingi, karibu asilimia 70, hupita salama na kuandika A saba. Nakala hizo hutafsiriwa kuwa sGP, protini ya asidi amino 364 ambayo seli huitoa nje na kuimwaga katika damu. Katika karibu robo ya nakala L huongeza A moja. Kwa A nane fremu ya usomaji husogea, alama ya kukomea iliyokuwa mbele kidogo haisomwi tena, na ribosomu huendelea hadi asidi amino 676. Hiyo ndiyo GP kamili, inayojikita kwenye utando wa virusi na kuvifungulia mlango wa seli. Nakala chache zilizobaki, zenye A sita au tisa, hutoa protini ndogo iitwayo ssGP.

Protini hizi tatu hufanana kabisa katika asidi amino 295 za mwanzo. Zinatofautiana baada ya hapo tu, kwa sababu ya herufi moja au mbili.

U saba peke yake hazitoshi kuleta uhariri. Majaribio ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba umbo la RNA iliyo jirani, inayojikunja na kufanya kitanzi, huchangia, na kwamba VP30 nayo inahitajika. Yaani kinachoamua kiasi cha GP ni herufi zenyewe, mkunjo wa uzi na protini inayousimamia, vyote kwa pamoja.

Faida ya mpango huu kwa virusi inaeleweka vizuri. GP ikizidi huidhuru seli na kuiua mapema, kabla haijazaa virusi vya kutosha. Uhariri huizuia isizidi. Nayo sGP iliyojaa katika damu hunasa kingamwili ambazo zingeishambulia GP, na huuelekeza mwili kutengeneza kingamwili zinazoifaa sGP yenyewe. Ushahidi wenye nguvu zaidi hutoka kwenye ukuzaji: virusi vikikuzwa kwa muda katika seli za Vero, ambako hakuna kinga ya kukwepa, U saba hugeuka nane na sGP hupungua. Vikirudishwa ndani ya simbilisi, nane huwa saba tena. Mnyama aliye hai huvilazimisha vitengeneze sGP.

Maumbo mengine ya RNA

Mwanzoni mwa RNA ya NP hujikunja kitanzi kinachozuia unukuzi usiendelee. VP30 hukishinda kizuizi hicho. Kitanzi kikivunjwa kwa kubadilisha herufi, VP30 haihitajiki tena mahali hapo. Mwanzoni mwa RNA ya L ipo fremu ndogo ya usomaji ambayo hupunguza utengenezaji wa L seli ikiwa shwari na kuulinda seli inaposongwa. VP35 hufunika RNA yenye nyuzi mbili ili walinzi wa seli, hasa RIG-I, wasiione.

Mlipuko wa Kivu Kaskazini, 2018–2020

Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina na Beni, ukaenea Butembo, Katwa na Ituri. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Ni wa pili kwa ukubwa katika historia, baada ya ule wa Afrika Magharibi, na ulikabiliwa katikati ya vita, huku vituo vya matibabu vikishambuliwa na wahudumu wa afya wakiuawa.

Goma ilikaa karibu mwaka mzima bila mgonjwa. Watu walinawa mikono na kupimwa joto kila siku kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, wakivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, na kurudi. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alithibitishwa, mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Wa pili, mchimba madini aliyetoka Ituri, alifia mjini, na ugonjwa ukaingia nyumbani kwake. Mji wote ulipata wagonjwa wanne. Kwa mji mkubwa hivyo, ulio kando ya mpaka na wenye bandari na uwanja wa ndege, huo ni ushindi mkubwa wa wafanyakazi wa afya, na haujasimuliwa ipasavyo.

Upimaji

Mashine za GeneXpert zilizotumiwa na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu ya Kongo, hutafuta RNA ya jeni mbili, NP na GP. Uchaguzi huo ulileta swali gumu chanjo zilipoanza. Chanjo ya rVSV-ZEBOV ni virusi hai vya aina nyingine, VSV, vilivyopewa jeni GP ya Ebola, kwa hiyo mtu aliyechanjwa siku chache zilizopita na akapata homa, kama wengi wanavyopata, anaweza kuwa na RNA ya GP katika damu bila ya kuwa na Ebola. Mpimaji alilazimika kusoma mistari yote miwili. GP na NP zikionekana pamoja, ni ugonjwa. GP ikionekana peke yake kwa mtu aliyechanjwa karibuni, huenda ni chanjo, na mtu hurudiwa kupimwa kabla ya kuwekwa pamoja na wagonjwa. Fundi anayejua jeni ipi imo katika chanjo humwokoa mtu asilazwe wodini bure, karibu na ugonjwa ambao hana.

INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilisoma pia jenomu za virusi papo hapo mlipuko ukiendelea, Placide Mbala-Kingebeni akiwa miongoni mwa waongozaji wa kazi hiyo. Usomaji huo ulionyesha, katika ripoti ya 2021, kwamba mgonjwa mmoja aliyechanjwa na kutibiwa akapona aliugua tena miezi kadhaa baadaye, na kutoka kwake ukaanza mnyororo wa wagonjwa 91.

Chanjo

Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa rVSV-ZEBOV, kwanza waliokuwa karibu na wagonjwa, kisha waliokuwa karibu na hao. Chanjo hiyo hutoa GP kamili ya utandoni, kwa hiyo mwili hujifunza umbo la adui lenyewe.

Goma ilipata pia chanjo ya pili, ya dozi mbili: Ad26.ZEBOV, kisha MVA-BN-Filo baada ya siku 56. Ilianza Novemba 2019 katika maeneo ya afya ya Majengo na Kahembe, zoni ya Karisimbi, na zaidi ya watu 20,000 walipokea dozi ya kwanza. Kufungwa kwa mipaka na safari kwa sababu ya korona mwaka 2020 kulivuruga dozi ya pili kwa wengi.

Dawa

Jaribio la PALM, lililoanza Novemba 2018 katika vituo vya Kivu Kaskazini, liliwapa wagonjwa 681 mojawapo ya dawa nne. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 49.7 kwa ZMapp, 53.1 kwa remdesivir, 35.1 kwa mAb114 na 33.5 kwa REGN-EB3. Remdesivir hulenga L, ikijipenyeza katika uzi wa RNA unaojengwa. Nyingine tatu ni kingamwili dhidi ya GP. Mojawapo ya kingamwili tatu za ZMapp, 13C6, hushika pia sGP. mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995, nayo iliidhinishwa Marekani Desemba 2020 kwa jina Ebanga, miezi miwili baada ya REGN-EB3. Kwamba tiba ya ugonjwa uliogunduliwa Kongo ilichimbuka katika damu ya Mkongo, kwa juhudi za Muyembe na wenzake, ni heshima kubwa kwa nchi.

Virusi jirani

Virusi vya Sudan na vya Bundibugyo, vilivyowahi kuzuka Uganda, huhariri GP kwa njia hiyo hiyo. Marburg, iliyoonekana Kagera 2023 na Rwanda 2024, haihariri na haina sGP.

Hali ya sasa

Goma ina maabara ya kudumu ya INRB, iliyojengwa kwa msaada wa Fondation Mérieux na kubeba jina la Rodolphe Mérieux. Mapigano yalipoingia mjini Januari 2025, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari ya wazi kuhusu usalama wa maabara hiyo na sampuli zilizohifadhiwa humo, zikiwemo za Ebola, endapo umeme ungekatika.