Jaguar na Wahunzi wa Ugweno

Desemba iliyopita, nikipanda kwenda nyumbani Ugweno kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa milimani kila mwisho wa mwaka, gari langu lilianza kugonga upande wa mbele, kisha likagoma katika kona za juu ya Mwanga. Kijana mmoja mwenye kibanda cha gereji kando ya barabara alilala chini yake, akatoka na bushi iliyokwisha, akachukua kipande cha tairi kuukuu na kisu, akachonga nyingine. Nilipokuwa nikimsubiri niliona ukutani, juu ya bati, picha iliyokatwa kwenye kalenda: Jaguar E-Type nyekundu. Akaniuliza, “Mwalimu, hawa walianzaje?”

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko nililompa siku ile.

Walianza na pikipiki. Mwaka 1922, katika mji wa Blackpool, William Lyons, kijana wa miaka 21, na jirani yake William Walmsley walifungua karakana ya kutengeneza vigari vya pembeni vya kubebea abiria wa pikipiki. Kutoka hapo waliingia kwenye kuunda mabodi ya magari, wakahamia Coventry, na baadaye wakaingia kwenye magari kamili. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Coventry ilipigwa mabomu vibaya Novemba 1940. Wahandisi wa kiwanda walikesha zamu za usiku kulinda majengo yasiungue, na katika kukesha huko Lyons, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily walijadili injini watakayoiunda amani ikirudi.

Injini hiyo ya silinda sita, lita 3.4, ilitiwa katika gari la XK120 lililooneshwa London Oktoba 1948. Lyons hakutarajia wanunuzi wengi. Kwa hiyo magari ya kwanza, mia mbili na ushei, yaliundwa kwa bati za alumini zilizofuliwa kwa mkono na kufungwa juu ya fremu ya mbao. Ndiyo, mbao! Wateja walipomiminika, hasa Marekani, ndipo wakahamia bodi za chuma cha pua. Mei 1949, huko Jabbeke, Ubelgiji, gari hilo lilipita kilometa 210 kwa saa. Likazaa C-Type, iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1951 na 1953, mara ya pili ikiwa na breki za diski. Ikafuata D-Type, iliyoshinda mfululizo 1955, 1956 na 1957. Machi 1961, mwaka wetu wa Uhuru, E-Type ikazinduliwa Geneva, umbo lake likiwa limechorwa na Malcolm Sayer, mtu aliyejifunza kazi ya upepo kwenye kiwanda cha ndege.

Nawaomba sasa tuirudie miaka hiyohiyo tukiwa huku Upareni. Januari 1945 maelfu ya wazee wetu waliteremka hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa hapo kupinga mbiru, kodi waliyokadiriwa kwa mali zao. Profesa Isaria Kimambo ameandika habari hiyo vizuri. Ni Kimambo huyohuyo aliyekusanya masimulizi ya Ugweno ya kale, nchi iliyotawaliwa kwanza na Washana, ukoo wa wahunzi, kabla Wasuya hawajawapindua. Washana waliyeyusha chuma wenyewe, kwa mkaa na mivukuto, na chuma cha Ugweno kilivuka hadi kwa Wachagga. Mhunzi aliheshimiwa, na aliogopwa pia.

Kwa hiyo siwakubalii wenzangu wa vyuoni wanaosema kwamba uhandisi kwetu ni mgeni. Kilichokatika ni mnyororo. Majembe ya Ulaya yalikuja kwa meli na reli, tanuri zikapoa, na serikali ya kikoloni ilimtaka Mpare awe mlipa kodi na kibarua wa mkonge. Nyundo ya Coventry iliyokunja alumini mwaka 1948 haikuwa na akili kuliko nyundo ya Mshana. Ilikuwa na mnunuzi, na ilikuwa na dola inayoitaka iuze nje.

Baada ya Uhuru tulijaribu. SIDO ilianzishwa 1973, na Nyumbu, Kibaha, ikaunda lori la Kitanzania. Nyumbu sikuidharau hata siku moja. Tatizo langu ni kwamba tuliuweka uundaji wa gari kambini, mbali na vibanda vya barabarani ambako ndiko akina Lyons wa kwetu walipo. Na hao tunawadai cheti kabla hatujatazama bushi waliyoichonga.

Yangu ilinifikisha nyumbani, ikanirudisha Dar es Salaam, na bado iko garini.

Siku ile nilimjibu kijana kwa kifupi, kwamba mwenye Jaguar alianza na karakana ndogo ya pikipiki, akiwa na umri kama wake.

“Mtaji alipata wapi?”

“Wazazi waliwadhamini benki.”

Alicheka, akapangusa mikono, akaingia tena chini ya gari kukaza nati.